Kipepeo Naye Ana Sheria Yake

Tuseme umekaa dukani kwako pale Karume, biashara imepoa, anakuja mtu nadhifu na pendekezo lake. Ana mteja Ulaya anayetaka vipepeo wa Tanzania. Wengine anawataka wakiwa wamekaushwa na kupangwa kwenye visanduku vya kioo, wengine wakiwa hai katika hatua ya pupa, pale kiwavi anapokuwa amejifunga ndani ya ganda akisubiri kutoka na mabawa. Kule Muheza kuna vijana wa kukusanya. Wewe kazi yako ni kupokea mzigo ukishushwa na basi la Tanga, kuufunga upya na kuufikisha kwa wakala wa ndege. Ukisita atacheka: ni wadudu tu hawa, nani aliwahi kufungwa kwa ajili ya mdudu?

Jibu lipo Nairobi. Mei 2025 mahakama ya pale Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne, wakiwamo vijana wawili raia wa Ubelgiji, kwa kukutwa na sisimizi malkia. Vijana hao peke yao walikuwa na sisimizi wapatao 5,000, wamewekwa kwenye vichupa vidogo na pamba ili wafike safari wakiwa hai. Walikiri kosa, na kila mmoja akatakiwa kulipa faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kukaa gerezani miezi 12. Sisimizi hao si mali ya kifahari kwa mwanakijiji wa kule anayewakanyaga kila siku. Kwa sheria ni mali ya nchi.

Hapa kwetu hali haina tofauti kubwa, na ndiyo maana naandika. Mchikichini na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ndiko mizigo ya nchi nzima inakopita, na mtu anayefunga mzigo bila kuuliza ndiye hukutwa nao mkononi. Mwenye mteja Ulaya huwa ameshapanda gari.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inapomtaja mnyama haiishii kwa mwenye uti wa mgongo. Wasio na uti wa mgongo wamo, na watoto wao, na mayai yao. Inapotafsiri neno wanyamapori inakwenda mbele zaidi na kujumuisha mimea pamoja na makazi wanamoishi. Sasa soma tafsiri ya nyara ndani ya sheria hiyohiyo: inaanza na mnyama mwenyewe, awe hai au amekufa, kabla haijafika kwenye pembe na ngozi. Kipepeo aliyekauka kwenye kisanduku cha kioo hajatoka nje ya sheria kwa sababu amekufa. Kifungu cha 86 ndicho kinachohusu kukutwa na nyara za Serikali bila kibali, na mashtaka ya namna hiyo yana desturi ya kuunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi. Mwenye kumbukumbu ya ndugu aliyekaa mahabusu kwa kosa la uhujumu anajua dhamana yake ilivyo ngumu. Kwa faida ya visanduku vichache, siuoni mzani ukisimama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mfupi. Usipokee, usifunge, wala usisafirishe kipepeo, kiwavi au pupa wa mwituni kabla hujaona kwa macho yako kibali chenye jina la mwenye mzigo, aina ya mdudu, idadi, na tarehe ya mwisho. Nakala ya picha kwenye simu haitoshi. Ipeleke nakala hiyo ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, uwaulize kama wanaitambua. Akikwambia yeye ni mtafiti, mwambie akuonyeshe kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na idhini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Mtafiti wa kweli anatembea nazo na hachukii kuulizwa. Na kama ni mzigo wa nje, muulize kibali cha kusafirishia.

Kuna uongo mmoja unaopendwa na mawinga wa biashara hii, na una sura ya ukweli. Watakwambia kipepeo huyu hayumo kwenye orodha ya CITES, hivyo yuko huru. CITES ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Ni kweli kwamba vipepeo waliotajwa humo ni wachache, na wengi wao ni wa Asia, Ulaya na Papua New Guinea. Lakini mkataba ule unaongezea juu ya sheria ya nchi, hauifuti. Kipepeo wa Usambara asiyetajwa kwenye orodha ya CITES bado ametajwa Dodoma.

Hapo ndipo wengi wangeishia, kwamba usikamate wala usiuze. Mimi naona sehemu hiyo ya sheria ndiyo nyepesi, na peke yake haijawahi kumwokoa kipepeo yeyote.

Waingereza walijifunza hili kwa gharama. Walikuwa na kipepeo mmoja wa buluu, jina lake la kitaalamu Phengaris arion, aliyekuwa akipungua mwaka hadi mwaka. Wakawashuku wakusanyaji wenye nyavu, na eneo mojawapo alikokuwa akiishi likazungushiwa uzio kuwazuia. Uzio ukawazuia wakusanyaji, ukawazuia na mifugo. Nyasi zikarefuka. Kiwavi wa kipepeo huyu hulelewa ndani ya kiota cha sisimizi wa aina moja, na sisimizi hao wanataka ardhi yenye nyasi fupi inayopigwa na jua. Sisimizi wakahama, kipepeo akaenda nao. Mwaka 1979 akatangazwa kuwa ametoweka Uingereza. Aliyeko huko leo ni kizazi kilicholetwa kutoka Sweden miaka ya 1980, baada ya wataalamu kuelewa habari ya nyasi na sisimizi na kurudisha malisho.

Kipepeo jike mmoja hutaga mayai mengi. Akinaswa mmoja, wenzake huziba pengo. Likikatwa jani ambalo kiwavi wake anakula, hakuna wa kuziba. Viwavi wengi hawana uchaguzi. Wanakula mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na mmea huo usipokuwepo hufa njaa juu ya kijani kingine chochote. Milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, ina vipepeo wawili mashuhuri, Cymothoe teita na Papilio desmondi teita, ambao wamebanwa kwenye vipande vya msitu wa asili kama Ngangao na Mbololo. Kuna maeneo ya milima ile yaliyopandwa misonobari na mikaratusi. Ukiwa mbali unaona milima ya kijani. Kwa kiwavi wa Taita ile ni jangwa.

Tanzania ina zaidi ya spishi 1,300 za vipepeo, na sehemu kubwa ya wale wasiopatikana kwingine duniani imejificha kwenye milima ya Tao la Mashariki, yaani Usambara, Uluguru, Udzungwa na wenzao, na kwenye mabaki ya misitu ya pwani. Sheria inayowagusa hasa ni Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, hata kama neno kipepeo halina umaarufu ndani yake. Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya namna hiyo nchini. Hapa mlangoni kwetu Pugu na Kazimzumbwi zilipandishwa hadhi hiyo mwaka 2020, zikiwa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Na Pori la Akiba Pande, lililo ndani ya mkoa huuhuu wa Dar es Salaam, linasimamiwa na TAWA. Watu wengi wa Ilala hawajui kwamba jiji lao lina pori la akiba. Si ajabu, kwani hatufundishani.

Kisa cha Amani kina funzo kubwa kuliko hukumu yoyote ya mahakama. Mwaka 2003 Shirika la Uhifadhi wa Misitu ya Asili, TFCG, lilianzisha mradi wa ufugaji wa vipepeo kwenye vijiji vya Usambara Mashariki. Mwanakijiji alikamata majike wachache, akawaweka kwenye kibanda cha neti wakataga, kisha akawalea viwavi kwa majani ya mimea aliyoipanda mwenyewe. Pupa walipojifunga walikusanywa, wakafungwa kwa pamba na kutumwa haraka kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Kenya walikuwa wametangulia na mradi wa Kipepeo pale Gede, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993. Zanzibar nako kuna kituo cha vipepeo kijijini Pete, karibu na Jozani, ambako watalii hulipa kiingilio na wanakijiji huuza pupa.

Utafiti uliofanywa Usambara uligundua kwamba wafugaji wa vipepeo walijihusisha zaidi na kazi za kulinda msitu kuliko majirani zao wasiofuga. Hakuna muujiza hapo. Mbegu yao ya mwakani iko ndani ya msitu, nani atakubali ichomwe?

Kisha ikaja 2016. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Sababu zilikuwepo, wala sizibezi. Novemba 2010 wanyama zaidi ya 100, twiga wanne wakiwa miongoni mwao, walipakiwa ndege pale Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA, wakapelekwa Qatar, na taifa zima lilifedheheka. Lakini wavu uliotegewa mwizi wa twiga ulimnasa na mama wa Usambara mwenye kibanda chake cha neti. Juni 2022 TAWA ilitangaza dirisha la miezi sita kwa wafanyabiashara kumalizia wanyama waliobaki nao; kelele zikapigwa, na waziri akalisimamisha mara moja. Katika mjadala ule wote nilisikia habari za twiga, ndege na kobe. Vipepeo hawakuwa na msemaji.

Naona sheria ilikosea kuwaweka kapu moja. Mnyama anayezaa mtoto mmoja baada ya ujauzito wa zaidi ya mwaka hawezi kuwa na kanuni sawa na mdudu anayefugwa vizazi kadhaa kwa mwaka kwenye neti. Ukiwa na ndugu Muheza au Korogwe anayetaka kuingia kwenye ufugaji huu, mwambie mambo mawili kabla hajanunua hata mita moja ya neti: aulize TAWA msimamo wa sasa kuhusu kusafirisha pupa, kwa maandishi, na asichukue fedha ya mnunuzi kabla ya jibu. Soko la ndani, la maonyesho kwa watalii na wanafunzi kama lile la Pete, linastahili kufikiriwa kwanza.

Na mtu wa Mchikichini asiye na shamba wala ndugu Muheza anaingiaje humu? Anaingia kwa jiko.

Mkaa unaouzwa kwenye mitaa yetu, kwa gunia na kwa kopo, umetoka kwenye msitu fulani, na misitu ya pwani inayozunguka Dar es Salaam imeliwa sana na mkaa. Mama lishe anayepikia wabeba mizigo sokoni anatumia mwingi kwa siku. Sitamwambia aache kesho, kwani gesi ina bei yake na mtungi haukopeshwi. Ila yako mambo yaliyo ndani ya uwezo. Nunua kwa mfanyabiashara anayejulikana, muulize kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, kile madereva wanachokiita TP, na risiti ya ushuru. Mkaa wa usiku, unaoshushwa kwa pikipiki kutoka njia za Kisarawe bila karatasi, bei yake huwa nzuri kwa sababu ambayo sote tunaijua. Mkiwa kikundi, nunueni jiko la gesi moja kwa ajili ya vitu vinavyochemka muda mrefu, maharage na makande, mkaa mbakize kwa chapati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mkifika halmashauri kuulizia mikopo ya vikundi mna hoja mkononi.

Halafu kuna bonde. Kata yetu ya Mchikichini inapakana na Mto Msimbazi, na mtaa wa Msimbazi Bondeni unabeba jina lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaijua sheria hiyo kwa uchungu. Desemba 2015 ilikuja na alama za X na tingatinga, na familia nyingi za bondeni zikalala nje. Hofu ile imefanya watu waione mita 60 kama adui. Lakini sheria ile haikuandikwa kwa nyumba za maskini peke yake. Inamhusu pia mwenye gereji, mwenye yadi ya kokoto na anayemwaga kifusi usiku. Ukiona lori linamwaga kifusi ukingoni, piga picha inayoonyesha namba ya gari, andika saa na mahali, mpelekee mtendaji wa mtaa na ofisa mazingira wa Jiji, na nakala kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Hakikisha barua yako inagongwa mhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo huishia mlangoni.

Kumbuka kwamba kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinakupa haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Katiba nayo, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Huhitaji kuthibitisha kwamba kipepeo ni wako.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia kudhibiti mafuriko na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Ni nafasi ambayo kizazi chetu hakitapata tena. Wasiwasi wangu ni mandhari ya bustani za siku hizi: nyasi za kigeni zilizokatwa sawasawa, mitende ya mapambo, maua ya kununua kwenye vitalu. Kipepeo atakunywa nekta ya maua hayo na kuondoka, maana hana pa kutagia. Bustani inayobakiza vichaka vya asili ukingoni na kupanda miti ya misitu ya pwani ingekuwa na viwavi, na ndege wa kuwala viwavi. Tathmini ya athari kwa mazingira ni nyaraka ambayo wananchi wana haki ya kuiulizia. Iulizieni, na muulize orodha ya miti itakayopandwa.

Nyumbani nako kuna kazi, ingawa sitaki kukudanganya ukubwa wake. Mndimu kwenye ndoo ya rangi pale uani hautamwokoa kipepeo wa Usambara. Utamlea Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye hana shida yoyote ya kutoweka. Viwavi wake wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili zenye harufu kali. Hawang'ati. Watatafuna majani ya mndimu, nao utachipua tena. Ukiwa na mstafeli au mtopetope utawaona jamaa wa Graphium. Na ule mbarika uliojiotea nyuma ya choo, unaokatwa kila mara kwa kuitwa uchafu, una kipepeo wake wa rangi ya kahawia na chungwa, Eurytela dryope. Mtoto aliyemwona kiwavi akijifunga na kutoka na mabawa kwenye ndoo ya mama yake atakuwa shahidi mzuri siku akiulizwa msitu ni wa nini.

Kinachowaua hawa wa mjini ni dawa. Kabla ya kupulizia, soma lebo uone kama dawa imesajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ni ya mdudu gani. Usichanganye mambo mawili yenye majina yanayokaribiana: viuadudu vya kibiolojia vya mbu vinavyotengenezwa Kibaha kwa bakteria huua viluwiluwi ndani ya maji, na havimdhuru kiwavi aliye juu ya mti. Lakini ipo dawa ya bakteria wa jamii hiyohiyo inayouzwa kwa wakulima wa kabichi, na hiyo huua viwavi wa aina nyingi. Mtu akikubali nyumba yake na mitaro yake iwekewe dawa ya mbu, anafanya vizuri. Akipulizia mndimu wake dawa ya kabichi kwa sababu ya majani matatu yaliyotobolewa, anafanya kazi ya bure.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa na ajenda ya bonde ikitajwa, usikae kimya nyuma ukisubiri posho ya soda. Nyoosha mkono. Omba ramani inayoonyesha mita 60 zinaanzia wapi na kuishia wapi, uliza ni nani ofisa mazingira wa mtaa huu maana sheria inataka awepo, na dai swali lako na jibu lake viandikwe kwenye muhtasari.